Mkutano wa Saa Nane

Nakumbuka siku moja nilisikia ngurumo kabla sijaona wingu. Tulikuwa ndani ya banda la kamati, kisiwani kwetu upande wa Samia, madirisha yamefungwa kwa sababu ya upepo wa ziwa. Ngurumo ilikuja kwa chini, kama mtu anayeburuta mtumbwi juu ya mawe. Wanawake watatu wa benchi la nyuma waliinua vichwa pamoja. Wanaume hawakuinua.

Umesoma shule ya bweni Butula miaka mingi, mwanangu, kwa hiyo nikukumbushe. Omena, dagaa wa ziwa letu, hukaushwa mchangani juu ya nyavu kuukuu, na anayeianika ni mwanamke. Mvua ikiinyeshea hata kidogo, si chakula cha mtu tena. Wanunuzi wa Busia wanaichukua iwe ya kuku, tena wamekunja uso. Ndiyo maana ngurumo ikisikika hakuna mwanamke wa kisiwa anayebaki ameketi, hata kanisani.

Sheria ya kuwaingiza wanawake kwenye kamati za ufuo ilikuwa mpya. Wazee waliipokea kama mgeni asiyetarajiwa: walitoa kiti, wakanyamaza. Mama yangu, bibi yako, alikuwa mmoja wa hao watatu. Mimi nilikuwa katibu, kijana aliyemaliza kidato cha nne, natembea na kalamu mfukoni hata nikienda kuoga ziwani.

Shauri la siku hiyo lilikuwa la Ajiambo. Mumewe alikuwa amezama, akamwachia watoto wanne na mashua moja. Kwa desturi yetu mashua haikukaa kwa mjane. Ilichukuliwa na ndugu wa marehemu. Ajiambo aliomba iandikwe kwa jina lake ili aajiri wavuvi, alishe watoto. Kati yetu wanaume sita wa kamati, wawili walimwahidi chinichini kwamba wako naye. Pamoja na wale wanawake watatu, angeshinda.

Mwenyekiti alilijua hilo. Juma moja kabla, aliniita pembeni.

"Katibu, wewe umekulia kwenye omena. Mvua ya mwezi huu inakuja saa ngapi?"

"Saa nane, mzee. Ikichelewa sana, saa tisa."

"Basi andika mkutano saa nane."

Nikaandika. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu nilijua kwa nini. Hakunipa kitu, mwanangu. Alikuwa akiniita katibu mbele ya watu, nami nikajiona nimekuwa mwanamume.

Ngurumo ya pili ilipopiga, mama alisimama. "Mtungoje kidogo," akaniambia. "Tukusanye, turudi."

"Sawa, mama."

Ajiambo alikuwa karibu na mlango, mikono mapajani. Omena yake nayo ilikuwa nje. Akataka kuinuka, mama akamgusa bega. "Kaa, dada. Yako nitakuzolea."

Wale watatu walipotoka mbio, mwenyekiti alinigeukia. "Soma ya mashua."

"Wamesema tuwangoje."

"Mvua haimo kwenye sheria zetu, katibu. Soma."

Mtu mmoja akacheka. Nikasoma. Mikono minne ilisema mashua iende kwa shemeji yake Ajiambo, miwili ikakataa. Mkono wa nne ulikuwa wangu.

"Lakini hata hawajarudi," Ajiambo alisema. Alimtazama kila mmoja wetu, mimi akanitazama mwisho. Nikainamia daftari kana kwamba kuna la kuandika.

Mama alirudi amelowa, leso imemganda mwilini, magamba yamejaa mikononi. "Mmemaliza?" aliuliza. Nikafunga daftari. Tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu kuhusu siku ile: "Wengine watasema hawakujua. Wewe nimekulisha kwa omena hii. Hiyo saa uliijua." Aliendelea kwenda mikutanoni mpaka miguu ikamkataa, lakini sikumsikia akisema kitu tena pale kwenye benchi.

Shemeji aliiuza mashua upande wa Uganda kabla ya mwaka kuisha. Ajiambo aliwachukua watoto akahamia Funyula, akawa anaparua samaki wa watu wengine sokoni. Wawili wakubwa waliacha shule.

Mwaka jana nilimtembelea. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nikayasema niliyotakiwa kuyasema nikiwa kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekuja wakati ule," akasema, "ningekuwa na la kukujibu."

Ninakueleza haya kwa sababu ya barua uliyonionyesha jana. Wageni wa mradi wanakuja, wale waliowasaidia akina mama katika nchi za visiwa vidogo mbali baharini, ambako nako, unasema, mwanamke anakausha samaki na mwanamume anakaa kikaoni. Wanataka wanawake wetu wachague wenyewe kama wanahitaji mashua au vichanja vya kukaushia. Nawe, katibu mpya, umeandika mkutano saa nane. Unasema ni kwa sababu boti ya wageni inafika saa saba. Nakuamini. Mimi sikuwa na sababu hata hiyo.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujaandika saa ya mkutano, uliza saa hiyo mikono ya akina mama iko wapi. Wageni watangoja, wana viatu vizuri na maji ya chupa. Wanawake wakitoka kwa dharura, funga daftari, na atakayekucheka mwache acheke. Usidhani kwamba benchi la nyuma likijaa basi haki imefika. Na mkubwa akikusifu kwa jambo ambalo ungeona haya kumwambia mama yako, rudisha kalamu mfukoni.

Mungu akupe masikio ya kusikia kinachowatoa watu mbio, na ujasiri wa kuwangoja. Akujalie uzee ambamo hutamkwepa mtu yeyote sokoni.

Umeniuliza Ajiambo aliniambia nini nilipoaga. Alikitoa kikombe changu mezani, akasimama kando mpaka nikapita, akafunga mlango nyuma yangu.