Kula Mbele za Watu

Mpaka leo, nikimwona mtu mzima anatembea barabarani huku anaguguna hindi la kuchoma, roho inanisumbua. Simsemeshi. Nimeolewa na Mbende, mwenyeji wa huku, nimezaa watoto wa mjini, na watoto wenyewe hula mandazi njiani wakienda shule wala hawaoni kitu. Lakini mimi nililelewa Katumba, kwenye makazi ya sisi tuliotoka Burundi, na mama yangu alitufundisha kwamba mtu mzima haonekani akitafuna. Kwake, kula kulikuwa kama kuoga: unajifungia, unamaliza, unatoka. Ukimkuta mwenzako anakula, unageuka, unakohoa kwa mbali, unangoja akuite.

Hapa Mpanda mambo ni kinyume. Miaka ya tisini, nilipohamia Makanyagio kwa mume wangu, mama mkwe alinigombeza wiki ileile ya kwanza kwa kufunga mlango wakati wa chakula. Alisema majirani watatuita wachoyo, au watasema tunakula nyama za watu. Kwao mlango huachwa wazi, na mtu akipita, hata kama humjui, unamwambia karibu. Naye anajua kwamba haji. Anasema asante, endeleeni, anapita zake. Nilichukua muda kulielewa jambo hilo, na nilipolielewa nililiona la kipuuzi: unamwita mtu huku unaomba asije. Nikajifunza kukaribisha hivyohivyo, maana mwanamke mgeni akionekana ana maringo, siku ya kujifungua atajikuta peke yake.

Mama hakujifunza, wala hakuwa na sababu ya kujifunza. Aliishi Katumba na shamba lake la mihogo. Mjini aliletwa na uvimbe wa tumboni. Alilazwa, na kule wodini, vitanda vimebanana na kila mgonjwa anakula mbele ya mwenzake, yeye akawa anarudisha sahani kama ilivyokuja. Nikawa nakwenda asubuhi na jioni kumshikia kitenge kama pazia, nami nina mimba kubwa. Nisipofika, hagusi chakula. Mwishowe daktari akaamua apelekwe Tabora kwa treni akapasuliwe. Aliniita pembeni akaniambia kwamba mama amekwisha mwili na safari ni ndefu. Akipanda treni na tumbo tupu, hatafika na nguvu za kupasuliwa. Mimi nisingeweza kusafiri na hali yangu ile, kwa hiyo kaka yangu ndiye angemsindikiza. Na mbele ya kaka, mwanawe wa kiume, mama asingefungua kinywa hata kwa dawa. Basi kazi yangu siku ile ilikuwa moja tu, kumlisha mama kabla treni haijaondoka.

Teksi zetu wakati ule zilikuwa baiskeli. Nilimpakia mama kwenye moja, mimi nikafuata kwa miguu. Nazo zilikuwa na adabu zake. Mwanamke anakaa upande, miguu pamoja, anashika springi za kiti, hagusi kiuno cha mwendeshaji. Mwinuko ukianza, abiria mzima anashuka. Mgonjwa hashuki, kila mtu analijua hilo, ila mama yangu alishuka. Ule mwinuko wenyewe hata mbuzi hauoni, lakini alimsikia mwendeshaji anahema, akasema hawezi kukaa juu ya jasho la mtoto wa mwenzake. Mwendeshaji akaona aibu, akamwomba apande, akakataa. Tukatembea hivyo watatu, mmoja anasukuma baiskeli tupu, mmoja ana tumbo la mtoto, mmoja ana tumbo la ugonjwa. Nilikasirika mpaka nikacheka.

Dukani tuliingia kununua sukari na sabuni za safari. Mtu wa mjini anasema naomba sukari, anapewa, anaondoka. Mama alianza na salamu. Aliuliza habari za usiku, za nyumbani, za watoto, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kisha akapokea sukari kwa mikono miwili huku ameinama kidogo. Nyuma yetu watu walisonya. Mwenye duka, ambaye sijawahi kumwona akicheka na mteja, alijibu kila swali, hata la watoto, akamtakia safari njema. Siku ile hakutokea mwingine wa kumpokea mama namna hiyo.

Karibu na stesheni palikuwa na hoteli, chumba kimoja cha mabenchi na meza ndefu. Nilimketisha mama kwenye kona akitazama ukuta. Tuliletewa maji, akanawa. Nikaagiza ugali na mgebuka wa kuchemsha, kwa kuwa mama alikuwa anapenda samaki huyo. Nikafungua kitenge, nikakishika juu ya bega lake ili kuziba upande wa watu. Alikuwa ameshamega tonge. Naapa, alikuwa ameshalimega. Ndipo mzee wa meza ya jirani, mtu na heshima zake, aliyekuwa ameletewa chakula chake muda huohuo, akageuka na kufanya kama alivyolelewa.

"Mama, karibu tule."

Mama akalirudisha tonge sahanini. Akaniuliza kwa Kirundi kama anaonekana ana njaa kiasi hicho, hata wanaume wasiomjua wamwonee huruma. Nikamweleza kwamba ni salamu tu, lakini hakuniamini. Yule mzee naye, kwa kuwa hakujibiwa, aliona amedharauliwa, akanung'unika jambo kuhusu wakimbizi. Maneno yale yakamleta mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni. Alikitazama kitenge changu kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Hapa hatujifichi kula, dada," aliniambia. "Nyie mkijificha hivyo, wateja wangu watafikiri chakula kina kitu."

Nilimwambia mama ni mgonjwa, na kwetu ndivyo tulivyo. Alinielewa nusu. Sikumlaumu, maana hata mimi ningeogopa kukimbiwa na wateja. Ningekuwa na mtu wa kumchukia pale ndani ningepata nafuu, lakini hakuwapo. Kila mmoja alikuwa anashika heshima aliyofundishwa kwao, na mama yangu akabaki na njaa. Niliomba tufungiwe chakula kwenye mfuko, tukaondoka.

Stesheni ilikuwa imejaa magunia ya mpunga, kuku, wanawake wenye watoto, askari. Kaka alikuwa ameshaingia ndani ya behewa kumpigania mama nafasi. Nilizunguka kutafuta mahali pasipo macho, nyuma ya ghala, kando ya vyoo, sikupata. Mwishowe nikamketisha mama juu ya furushi lake karibu na ukuta, nikapiga magoti kwa shida, nikafungua mfuko, nikainua kitenge. Treni ilikuwa imeshaanza kupiga honi.

Mama alinitazama. Kisha akaweka kiganja juu ya mkono wangu, akaushusha, na kitenge kikashuka nao.

"Acha, mwanangu," alisema. "Wacha waone."

Akala. Alikula mbele ya askari na wachukuzi, anatafuna polepole, kinywa wazi kidogo kwa kukosa pumzi, mchuzi wa samaki ukimshuka kidevuni. Mwanamke mmoja aliyekaa juu ya gunia alimtazama, na mama, kwa Kiswahili, akamwambia karibu. Yule mwanamke akajibu asante mama, endelea. Mama akaendelea.

Siku nzima nilikuwa nimemwomba Mungu ale. Sasa anakula, tonge baada ya tonge, na mimi nageuka huku na huku nikitaka watu wote wale watazame kwingine. Nilimjua mama yangu. Nchi alishaiacha, mume alishamzika, kilichokuwa chake hasa ni ile adabu, na alikuwa ameiweka chini pale kwenye vumbi kwa ajili yangu, kama mtu asiyeihitaji tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba harudi. Alifia Tabora, kabla hawajampasua.

Pale stesheni, alipomaliza kula, alijifuta kidevu, akaniuliza kama sasa nimefurahi. Nikamwambia ndiyo, mama, nimefurahi.