Aliyemshtaki Kevo ndiye amemtoa

Leo kaka yangu ametolewa seli na mtu yule yule aliyemshtaki.

Kevo alikata tawi la avokado ya jirani yetu, Mama Shiro, hapa mtaani Section 58. Leo asubuhi akashikwa na polisi.

Jioni mimi na mzee wetu tukakimbia town kwa wakili, kabla ofisi hazijafungwa. Kwa geti ya jengo lake, soja anayelinda akachukua vitambulisho vyetu, kama kawaida.

Wakili akatuambia, "Hamnihitaji leo. Bondi ya polisi ni bure. Nendeni tu na mdhamini, mtu wa kuahidi Kevo atafika kortini. Awe na kitambulisho."

Bure. Tulitoka hapo mbio.

Kufika stesheni ya polisi, afande akasema, "Kitambulisho cha mdhamini."

Mzee akapapasa mifuko yote, akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu. Vitambulisho tulikuwa tumeviacha kwa soja, vyote viwili, na saa hiyo jengo limeshafungwa.

Mama Shiro alikuwa kwa benchi, amemaliza kuandikisha taarifa yake. Akatutazama sana, akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake.

"Leta hiyo fomu ya bondi."

Afande akaweka kalamu chini. "Mathe, si ni wewe umemshtaki?"

"Ni mimi. Na kesi iko palepale. Lakini tawi bado limelala kwa geti yangu, nani atalitoa?"

Akasaini.

Mtu kama huyo unamshukuru aje? Nisaidieni, mzee amekwama.

Saa hii Mama Shiro amempigia Kevo simu mara ya tatu, kuuliza kama amepiga shati pasi. Jumatatu wanaenda korti pamoja, na amemwonya asimcheleweshe. Yeye ndiye shahidi.