Gari Nililomuuzia Mwenzangu

Fundi alitaka nikae mwenyewe kwenye usukani, nisije baadaye nikasema sikuelezwa.

"Mwalimu, kanyaga breki taratibu, halafu usiachie."

Nilikanyaga. Pedeli ilisimama kidogo, kisha ikaanza kushuka chini ya mguu wangu, polepole, mpaka ikagusa sakafu.

"Sasa achia. Kanyaga tena, lakini kwa nguvu, mara moja."

Safari hii ilisimama juu, ngumu, kana kwamba haina neno.

"Umeona? Masta silinda imekufa," alisema akijifuta mikono. "Gari hii usiiendeshe hivi. Kifaa chake hapa Tukuyu hakipo, mpaka niagize Mbeya."

Nilifundisha fizikia sekondari kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Sikuhitaji maelezo zaidi. Raba za ndani ya kile kifaa kinachosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu zilikuwa zimelika. Ukikanyaga kwa kasi mafuta hayapati nafasi ya kurudi nyuma. Ukikanyaga taratibu yanapenya, na gari linaendelea kwenda. Nilimwambia fundi aongeze mafuta ya breki tu, mengine tutaona. Aliongeza, akanitazama, akafunga boneti.

Wakati huo nilikuwa nakaribia kustaafu na macho yangu yalikuwa yameanza kusumbuliwa na ukungu wetu wa asubuhi. Nilikwisha amua kuliuza lile gari. Na mnunuzi nilikuwa naye: mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, kijana kwangu kwa miaka mingi, mkazi wa Kawetele. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, kwa gari hilohilo, tukizunguka uwanja wa shule jioni wanafunzi wakimcheka kila alipozima injini. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Ukimwambia tazama kioo kabla ya kukata kona, atatazama kioo hata kama nyuma kuna mbuzi peke yake.

Siku alipokuja kulijaribu gari nilikaa pembeni yake. Alipotaka kupunguza mwendo akaweka mguu kwenye breki kwa upole, kama nilivyomfundisha, nikamwahi.

"Hapana, hii kanyaga kwa nguvu. Mara moja. Ndivyo ilivyozoea."

Akakanyaga kwa nguvu. Gari likasimama vizuri sana.

"Ina shida yoyote, mwalimu?" aliniuliza tuliporudi.

"Si unaijua hii gari? Umejifunzia."

Sikusema uongo, nilijiambia hivyo. Nimeirudia sentensi ile mara nyingi tangu siku hiyo na kila nikiirudia naiona ilivyotengenezwa kwa ustadi. Sikuwa na njaa. Sikuwa na mgonjwa wa kumtibu. Nilichoka tu na lile gari, na nilijua nikilitaja lile tatizo atasema ngoja kwanza litengenezwe, na kungoja sikukutaka. Nimejaribu kutafuta sababu kubwa kuliko hiyo, sijaipata.

Lilikaa kwao wiki chache. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na siku hiyo walikuwa wamepeleka sare za shule Suma. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imepiga mfululizo na ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Aliposhika mteremko wa kuelekea darajani alikuwa anakwenda polepole, mguu ukiwa juu ya breki kidogo tu, kama anavyofanya mtu mwangalifu. Pedeli ikazama. Alipoona daraja linakuja alikata usukani kuelekea upande wa shamba la chai, gari likapanda ukingo, likalala ubavu. Yeye alichubuka kipaji cha uso. Mke wake alikuwa amekaa nyuma ya dereva, na mkono wake wa kulia ulibanwa kati ya mlango na ardhi.

Nilifika hospitalini Makandana mchana huohuo na chupa ya chai na mikate. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, suruali imejaa udongo mwekundu. Aliponiona alisimama. Hata katika hali ile alisimama.

"Shikamoo, mwalimu. Nimekuangusha."

"Marahaba. Umeniangusha nini?"

"Ulinifundisha. Ulisema breki ya gari hii nikanyage kwa nguvu, mara moja. Mimi nikakanyaga taratibu. Nilisahau, mwalimu. Nimemvunja mke wangu kwa kusahau."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Watu walikuwa wachache, mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna ambaye angesikia zaidi yake. Nilimshika bega nikamwambia, "Usijilaumu." Kisha nikammiminia chai.

Trafiki aliandika kwamba dereva mgeni barabarani alishindwa kulimudu gari kwenye utelezi. Hakuna aliyekagua breki. Gari lilikuwa limepondeka mbele na kila mtu aliona mvua. Mabaki yake yaliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mfupa wa mkono uliunga vibaya, vidole viwili havikukunjika tena. Mkasi haukai kwenye mkono wa namna hiyo. Mke wake alimpa dada yake cherehani. Mumewe hakushika usukani tena.

Nilipostaafu nilianza kazi ambayo watu wa Rungwe wananijua kwayo. Nilianza kwa kusimama kwenye gereji, nikiwauliza wenye magari maswali. Baadaye tukawa kikundi kidogo cha watetezi wa wanunuzi na watumiaji wa magari: mimi, dereva wa lori mstaafu na mama mmoja muuza vitambaa wa sokoni aliyempoteza kaka yake kwenye ajali. Tulifundisha watu mambo madogo. Kwamba ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazosema lilitengenezwa wiki gani na mwaka gani, hivyo tairi linaweza kung'aa kwa rangi nyeusi na likawa limezeeka. Kwamba ukiwasha swichi, ile taa ndogo ya mfuko wa hewa lazima iwake kwanza ndipo izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa usijue kwamba mfuko wenyewe haupo. Na breki nilifundisha mimi. Nilimkalisha kila mnunuzi kwenye usukani nikamwambia: kanyaga taratibu, usiachie, hesabu hadi thelathini.

Watu walinipa jina la Mama Breki. Wapika chapati wa stendi waliniita hivyo, watoto waliniita hivyo. Redio ya hapa ikanipa dakika kumi kila Jumamosi. Kila nilipoitwa jina lile niliitika, na kila nilipoitika nilijisikia kama mtu aliyevaa koti la mwenziwe.

Mara moja tulimbana muuzaji wa magari ya mtumba aliyemuuzia muuguzi gari lililokatwa katikati na kuungwa kwa kuchomelewa. Alibisha, nikaleta picha, nikaleta fundi, nikaleta na mwenyekiti wa mtaa. Mwishowe alikubali kulichukua tena. Tulipokuwa tunaagana aliniambia bila hasira, "Mama, na wewe hujawahi kumuuzia mtu kitu chenye kasoro?"

"Mimi ni mwalimu," nilimjibu, na waliokuwa pale walicheka kwa kunipongeza.

Mwaka jana tuliandaa mkutano kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini. Walikuja madereva, bodaboda, wazee wa kanisa, na imamu alikuja na wafanyabiashara wachache wa sokoni. Mzee aliyeongoza mkutano, dereva wetu wa lori, alikuwa amewaalika watu waliopata ajali waje kueleza. Hakunionyesha orodha. Mimi nilikuwa mbele na kipaza sauti, nikimpokea kila anayekuja. Wa tatu alikuwa mwenzangu wa Kawetele.

Nywele zake zimeingia mvi. Alikipokea kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi sikuletwa hapa na gari bovu," alisema. "Gari lilikuwa zima, la huyu mwalimu wangu mnayemwona, na alinionya jinsi ya kukanyaga breki. Mimi nilikuwa mzembe. Mke wangu yule pale hashoni tena kwa sababu ya uzembe wangu. Ninyi vijana, mkifundishwa, shikeni."

Mke wake alikuwa safu ya pili, mkono umefichwa ndani ya kitenge. Watu walipiga makofi. Mtu fulani nyuma akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, na wengine wakaitikia. Nilichukua kipaza sauti kutoka mikononi mwake. Kilikuwa na jasho lake. Nilisema, "Tunamshukuru mwalimu wetu," nikamwita wa nne.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kawetele kwa miguu. Ningeweza kupanda pikipiki, lakini nilitaka njia iwe ndefu. Niliwakuta uani, yeye anakata majani ya ng'ombe, mkewe anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Waliniletea kigoda. Nilikataa kukaa, nikasema nikiwa nimesimama.

Nilieleza yote: gereji, pedeli, kifaa cha Mbeya. Nilieleza kwa nini nilimwambia akanyage kwa nguvu siku ya kujaribu gari.

"Haikuwa maelekezo," nilisema. "Ilikuwa ni kuficha. Wewe hukusahau kitu. Ulikanyaga sawasawa kama nilivyokufundisha uwanjani. Gari ndilo halikuwa na breki, na mimi nilijua."

Aliweka panga chini, akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba, tukasikia hatua zake zikienda na kurudi.

Mke wake aliendelea na maharage kwa muda. Kisha akauliza, bila kuninyanyulia uso, "Siku tuliyokuja kulichukua, mimi nilikaa mbele. Mkanda ulinifunga wewe mwenyewe. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ukasema, mama, jifunge, usalama kwanza. Wakati ule ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali. Nilitamani anitukane. Badala yake alisogeza ungo wa maharage mbali na miguu yangu, mwanamke aliyewahi kunishonea magauni mawili, na hakuniambia neno moja baya.

Mumewe alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ya darasani.

"Mama yangu alipougua," alisema, "kaka alileta gari hapa mlangoni, akaumwa tumbo, hakuweza kuendesha. Funguo ilikuwa hapa. Nilikataa. Nilisema mguu wangu una mkosi. Tulingoja gari la jirani hadi saa nane mchana. Mama alifika akiwa hai, akafariki kesho yake. Labda angefariki tu. Sijui. Lakini nilikataa kwa sababu ya maneno yako."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimekwenda na kosa langu moja nililolipima vizuri njiani, nikakuta limezaa.

"Nifanye nini?" niliuliza, na papo hapo nikaona aibu kwamba namwomba hata hilo.

"Nilisema mbele ya watu kwamba mimi ni mzembe. Wewe ulishika kipaza sauti. Kaseme palepale."

Ilichukua majuma matatu kupata ukumbi tena. Niliwaambia wenzangu wawili kwanza. Mzee wa lori aliuliza kama wa Kawetele wameshaambiwa. Mama wa vitambaa alisema, "Kaka yangu naye aliuziwa na mtu," akatoka nje. Nilisimama mahali palepale nikaeleza kama nilivyoeleza Kawetele, pamoja na ule uso wa huruma niliouvaa hospitalini. Hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja alicheka kwa sauti, akaondoka na wenzake. Yule muuzaji wa magari ya mtumba alikuwepo, karibu na mlango. Nilidhani atafurahi, lakini alitazama chini muda wote. Mwenzangu alikaa safu ya mbele na mkewe. Nilipomaliza alisimama, akavaa kofia, wakaenda.

Redio ilinipumzisha, na uenyekiti wa kikundi nikauacha. Mama wa vitambaa alirudi baada ya mwezi, sasa ndiye anayeongoza, na ananituma kama anavyomtuma mtu yeyote. Ijumaa nakwenda gereji kuwakalisha watu kwenye usukani. Wapo wanaokataa kukaguliwa na mimi. Wapo wanaosema huyu angalau anajua muuzaji anavyoficha, na huo ndio ukweli, ninajua.

Baada ya mavuno ya maharage mke wake alikuja nyumbani kwangu. Hakuniamkia. Alitaka niandike maelezo yote kwenye karatasi na kutia sahihi, kwa sababu mume wake anataka kuhuisha leseni na amesema hatakwenda mpaka aishike karatasi hiyo mkononi. Niliandika kurasa mbili. Alizisoma zote akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia moja.

"Hapa umeandika 'kwa bahati mbaya'," alisema. "Futa."

Nilifuta. Akazikunja kwa mkono wa kushoto, akazitia kifuani, akashuka ngazi akishikilia ukuta maana kulikuwa na utelezi.