Busaa Niliyoitaja kwa Mzaha

Ulimi hauna mfupa, na huu wangu nusura unirudishe Kenya bila kazi.

Kabla ya kuja Riyadh nilifanya kazi Nairobi kwa bibi mmoja wa Kibelgiji, mzee mwenye maneno mengi. Kwao walikuwa wapika pombe, tena pombe chachu ya kukunja uso. Baba yake, aliniambia, hakutia hamira hata chembe. Walichemsha ngano na shayiri, wakamimina yale maji kwenye karai pana la shaba chini ya paa, wakaacha madirisha wazi mpaka asubuhi. Hewa ndiyo iliyochachusha. Kisha ikakaa kwenye mapipa ya mbao miaka miwili, mitatu, na ndani ya chumba hicho ilikuwa mwiko kugusa utando wa buibui. Mimi niliyekuwa nimesimama na ufagio wa kuondolea utando wake nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Yeye hakucheka. Kazi ile hutaka baridi, alisema, na baridi ya kwao inapungua. Joto likizidi, vijidudu vibaya huingia na pipa zima likaharibika. Kaka yake alikuwa akianza kupika kwa kuchelewa na kuacha mapema kila mwaka, na watoto wake hawakutaka kungoja miaka mitatu kwa ajili ya chupa. Nikamwambia nyanya yangu, kule Magharibi, huloweka unga wa wimbi kwa maji matupu, akauacha jikoni uchachuke wenyewe ndipo apike uji. "Basi sisi ni ndugu," akasema.

Huku nafanya kazi za ndani mtaa wa Naseem. Jina hilo kwa Kiarabu ni upepo mwanana, lakini madirisha yetu hayafunguliwi kwa sababu ya vumbi. Tunavuta hewa ya mashine. Dada yangu aliponitumia unga wa wimbi kwa mtu aliyekuwa akirudi kazini, nilijiuliza kama hewa hiyo ina uhai wowote wa kuchachusha kitu. Madam, mwajiri wangu, aliposafiri kwenda Jeddah harusini, nikaloweka unga kwenye jagi katika chumba cha kufulia, nikafungua dirisha. Siku ya pili likatoa mapovu. Nilifurahi kupita kiasi, nikampigia dada.

"Kuja na mrija," nikamwambia, "nimekupikia busaa!"

Ulikuwa mzaha tu; busaa ni pombe ya kwetu, na hunywewa kwa mrija. Lakini dereva wa nyumba, Mmisri, alikuwa mlangoni akingoja chai. Kiswahili hajui, ila kwao nao wana pombe ya nafaka, na wanaiita buza.

"Buza?" akauliza. Akalitazama jagi. "Hii haram. Madam maalum?" Yaani, madam anajua?

"Mafi buza," nikasema, yaani hakuna. "Mafi! Ni chakula."

Akachukua chai yake, akaenda zake.

Siku mbili zilizofuata sikupata raha. Nchi hii kesi ya pombe haina samahani. Ni polisi, kisha ndege, na ikama yako, kibali cha kukaa, imekwisha. Nilitaka kulimwaga. Lakini nikilimwaga, nitaonyesha nini kuthibitisha kuwa ni uji? Nikaliinua, nikalirudisha, nikaliinua tena. Yule dereva nilimchukia kila alipokuja kuchukua chai.

Madam alifika alasiri. Hakuvua hata abaya, akaenda moja kwa moja chumba cha kufulia.

"Nini hii?"

"Uji, madam. Unga na maji. Mchachu kama maziwa ya laban."

Akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Kunywa."

"Bado haujapikwa, madam."

"Kunywa yote."

Nikanywa, unga mbichi ukinikwama kooni, naye amesimama na simu mkononi. Nilipomaliza akaniangalia macho, akangoja kidogo. "Sasa tembea. Mpaka mlangoni, urudi."

Nikatembea. Sikuwa nimelewa, uji wa siku chache utamlevya nani? Lakini niliyumba, na nilipogeuka bega likagonga mashine ya kufulia.

"Kwa nini unayumba?"

Niliona nimekwisha. Kiarabu changu ni cha sahani na nguo, hakina maneno ya kujitetea, kwa hiyo nikasema ukweli kama ulivyokuja. "Ni woga, madam. Nakuogopa wewe."

Miaka minne nimelala chini ya paa lake. Kitindamimba wake nilimbeba mimi tangu wiki aliyozaliwa. Nadhani lile neno hakuwa amewahi kulisikia, wala mimi sikuwa nimewahi kulisema. Simu akaitia mkobani.

"Halas," akasema, yaani imetosha. "Osha jagi."

Kazi sikuipoteza. Lakini mpaka leo, akiingia jikoni, mimi kwanza hushika sinki, asije akaona nikiyumba.