Ua Wangu Uliolambwa na Mbuzi

Sipendi kuisimulia hii, na naisimulia tu kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya sokoni Kakuma na watu ambao hata hawakuwepo, kwa hivyo kaeni vizuri mnisikie mwenyewe: ndiyo, ni mimi yule mama wa ua uliolambwa na mbuzi, ndiyo, kiatu changu kilikwama mbele ya mchungaji wa kanisa nikiwa nimeinua ufagio juu, na ndiyo, niliitwa mwizi wa mifugo nikiwa kwangu, siku ya kubariki nyumba yangu. Aibu nimeikubali. Lakini eti makosa yote yawe yangu? Hapo nakataa kabisa.

Mimi ni mtu wa Kitale, kule kwenye mashamba ya mahindi, nashona yunifomu za shule hapa Kakuma mjini, na nimeolewa na Mturkana, Baba Akai, mtu mpole sana ambaye kazi yake kubwa siku ile ilikuwa kucheka. Mama yake anakaa upande wa Lopur na mbuzi wake, na tangu tujenge hii nyumba ya mawe alikuwa hajaingia hata mara moja. Akija mjini anasimama langoni, anasalimia "Ejok," anambeba mtoto wetu Akai kidogo, anachungulia ndani ya ua kama mtu anayechungulia kisima, halafu anaenda zake. Nilijua anachosema huko kwao (Baba Akai hanifichi kitu, hata vile ambavyo angenificha): kwamba mwanawe ameoa mwanamke wa mahindi, asiyejua mifugo, wakakaa kwenye nyumba isiyo na hata kwato moja. Sasa mwaka huu, sijui nini kilimgeuza, akakubali. Nyumba ibarikiwe, mchungaji aje, na yeye aje na wazee wa Lopur, wakae, wale. Mimi nikajiambia, huyu mama hatakuja kukaa kwenye vumbi langu halafu apate la kwenda kusema. Nikaagiza kabro, zile tofali za zege za kutandaza chini, nitandaze ua mzima.

Kabro zenyewe zilitandazwa na Fundi Bahati, mtu wa Kongo anayeishi kambi ya wakimbizi, na kazi yake ilikuwa safi, sina neno. Shida ilikuwa mianya. Kati ya kabro na kabro panabaki nafasi ya kidole hivi, na hiyo nafasi lazima uijaze na kitu, la sivyo kabro zinacheza, na mathenge inaota humo humo (na mathenge si nyasi, ni ule mti wa miiba ambao ukiukata leo, kesho unakusalimia). Nilidhani hilo ni jambo la kuuliza mara moja na kujibiwa. Kumbe nimefungua baraza.

"Mama, tia simenti," Fundi Bahati akasema. "Simenti iko nguvu."

Nikamwambia simenti ndiyo aliyotia kule kwa mama wa mandazi, na jua limeipasua vipande vipande, unaweza kuiokota kwa mkono. Akaniangalia bila wasiwasi, akasema, "Ile ilikuwa simenti mubaya. Hii itakuwa muzuri." Simenti yenyewe ni ile ile, ya duka lile lile!

Nikaacha cherehani yangu siku nzima nikaenda Lodwar, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi, na muuzaji pale akanionyesha mchanga uliochanganywa na gundi, unakuja kwenye mfuko, unaumwaga ukiwa mkavu, unaufagia uingie kwenye mianya, unaurushia maji kidogo, unashika kama jiwe. "Madam, hii ni ya kisasa," akaniambia, "hata chungu hapiti." Nikauliza, na jua letu? Akasema jua ni rafiki yake. Basi nikanyanyua mfuko niusikie, na mfuko ulikuwa gogo! Umeshaganda humo ndani ukiwa dukani, ukiugonga unalia ko, ko. Nikamwambia, bwana, huu umeshika kabla sijafika nao nyumbani. Na yule kijana, bila hata kupepesa macho, akanijibu, "Ndiyo uone vile ni nguvu." Nikatoka bila kuaga. Mpaka leo nikikumbuka lile jibu natamani kurudi Lodwar nikaseme yale niliyoyafikiria nikiwa njiani.

Sasa hapo ndipo akaingia jirani yangu, Mwalimu Erot. Mwalimu Erot ni mwalimu, ni mzee wa kanisa, ni mshereheshaji wa kila harusi hapa mjini, na hajawahi katika maisha yake kusema maneno mawili yanayoitwa "sijui" na "labda". Alinikuta nimesimama uani nikiangalia mianya.

"Mama Akai, unajisumbua bure," akasema. "Chukua mchanga wa laga, pale mto ulipokauka, uuchekeche, uchanganye na chumvi. Ile ya mawe, ya mifugo, uiponde. Mathenge haioti penye chumvi. Hiyo ni sayansi."

Nikamuuliza, "Una hakika, Mwalimu?"

"Sayansi haina hakika na isiyo hakika. Ni sayansi."

Nikageuka kwa Fundi Bahati, yeye akainua mabega: "Chumvi haina mubaya, Mama." Basi. Hayo ndiyo maamuzi yangu, hayo tu. Nilimsikiliza mtu aliyesoma, tena Mturkana, aliyezaliwa katikati ya mbuzi, mbuzi wamemlamba akiwa mtoto! Kama kuna mtu Kakuma nzima aliyepaswa kufikiria chumvi na mbuzi katika sentensi moja, alikuwa yeye, si mimi wa mahindi. Nikajaza ua wote. Nikafagia, nikapiga maji, ikakaa vizuri ajabu, nikafunga lango siku zote za maandalizi ili mtu asinichafulie, na nikajiona injinia.

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi nikauosha ua (ndiyo, nikauosha, nilitaka ung'ae), na jua lilipoukausha kukatokea weupe fulani mzuri kwenye mianya, mistari mistari, nikafikiri ni urembo. Tukafunga hema, tukapanga viti, Mwalimu Erot akaja na spika yake na maikrofoni, na mimi nikavaa viatu vyangu vya kisigino, vyembamba kama msumari, kwa sababu nilikuwa na sakafu. Mama mkwe akafika na wazee wake, akasimama langoni kama kawaida yake, halafu, jamani, akaingia. Akakaa. Nilikaribia kulia. Na kwa vile wageni walikuwa bado wanakuja, lango likaachwa wazi.

Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Nikafumba. Katikati ya maombi nikasikia kitu kinapita karibu na mguu wangu, kwato, tik tik tik, nikafumbua jicho moja, nikaona mbuzi. Mmoja. Nikamfukuza kwa kiganja, taratibu, ili nisivuruge maombi. Hakuondoka. Alipiga magoti, kweli kabisa, alipiga magoti vizuri kuliko hata sisi tuliokuwa tunaomba, akaanza kulamba mwanya. Halafu wakaingia wawili, halafu sita, halafu nikaacha kuhesabu kwa sababu ilikuwa ni kundi zima, na ajabu ni kwamba hawakugusa chakula, pilau ilikuwa pale pale kwenye sufuria, hawakuiangalia, walikuja kwa sakafu. Walilamba, walichimba kwa kwato, mchanga ukaruka, kabro zikaanza kutingishika. Na mchungaji, Mungu ambariki, alikuwa ameombea chumba cha kulala na sasa anaingia jikoni.

Nikachukua ufagio, nikauinua, nikapiga hatua moja, na kisigino kikazama kwenye mwanya uliochimbwa, kikakwama. Nikavuta. Wapi. Na hapo hapo nikasikia, "Amina." Watu wote wakafumbua macho, wakaniona: mguu mmoja umenaswa, ufagio uko hewani, na mbuzi wamenizunguka kama mimi ndiye mchungaji.

Sasa sikieni Mwalimu Erot alichofanya. Alichukua maikrofoni, akaangalia chini, akachekelea, akauliza mbele ya kila mtu, "Haya jamani, nani alitia chumvi hapa?"

Nani! Alitia! Chumvi!

Nilishindwa kujizuia. Alikuwa karibu, nikamvuta mkono wenye maikrofoni, nikapaza sauti, "Si ni wewe, Mwalimu! Si ni wewe uliniambia nitie chumvi ya mifugo ua mzima! Sayansi iko wapi?" Spika ikabeba maneno yangu mpaka barabarani na, nadhani, mpaka ng'ambo ya laga. Naye akajibu kwa upole wa mtu asiye na hatia, "Mimi nilitoa maoni tu, Mama Akai."

Bahati yangu ilivyo mbaya, mwenye mbuzi ndipo alikuwa anafika, mama mmoja mrefu, shanga mpaka kidevuni, fimbo mkononi, anawatafuta wanyama wake, na jambo la kwanza analolisikia ni mimi nikitangaza kwa spika kwamba nimetia chumvi ua mzima. Akaingia akipiga kelele kwa Kiturkana. Sikuelewa yote, lakini Baba Akai aliacha kucheka, na hiyo ilinitosha.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Anasema unatega mbuzi za watu. Anasema ndiyo maana kuna wengine walimpotea."

Hapa kwetu kuitwa mwizi wa mbuzi si matusi ya kupita, ni jambo la kukalia kikao, na mimi nimesimama pale siwezi hata kukimbia, mguu uko kwenye kabro, na wazee wa Lopur wananiangalia mmoja mmoja. Nikasema moyoni, huu ndio mwisho, huyu mama mkwe anarudi kwao leo na hadithi ya kumtosha mpaka kufa.

Mama mkwe akainuka. Akainama, akagusa mwanya kwa kidole, akaonja. Halafu akazungumza, polepole, na Baba Akai akawa ananitafsiria huku anajikaza uso.

"Anasema, mtu anayetega mbuzi anaweka chumvi porini, haweki chumvi miguuni pa mchungaji. Anasema wewe huyajui mambo ya mbuzi hata kidogo. Anasema mtu akikuona unavyowafukuza, atajua huwezi kuiba hata kuku. Anasema... basi, ni hayo."

"Maliza," nikamwambia.

"Anasema wewe ni mjinga wa mifugo, lakini ni mjinga wake."

Yule mwenye mbuzi akaniangalia kuanzia ufagio mpaka kisigino, na hasira ikamtoka usoni, ikabaki huruma, na mimi nawaambia ile huruma iliniuma kuliko lile neno mwizi. Akawaita mbuzi wake. Hawakuja. Ilibidi wageni wote, hata mchungaji na koti lake, wawaburute nje mmoja mmoja kwa pembe. Na kwa vile ua ulikuwa umefumuliwa na hapakuwa na mahali pa kuweka kiti, mama mkwe alimshika Akai mkono akaingia ndani ya nyumba, akakaa kwenye kochi langu, akaomba chai, na akalala kwetu usiku ule. Sijui nishukuru au nikasirike. Siku hizi nafanya vyote viwili.

Chumvi tuliichokoa kwa misumari, wiki nzima, na mbuzi walikuwa wanangoja nje ya lango kama wanafunzi wangu wa kupimwa yunifomu. Na mathenge? Mathenge ilichipua, katikati kabisa ya ua, kijani, yenye afya. Nilimwita Mwalimu Erot aje aione. Akaiangalia, akakuna ndevu, akaniambia, "Inawezekana chumvi ilikuwa kidogo."

Kwa hivyo nimeapa. Nikijenga kitu tena katika dunia hii, hata kama ni kibanda cha kuku, ukija langoni kwangu na ushauri nitakukaribisha, nitakupa kiti, nitakupa chai yenye maziwa. Masikio sikupi.