Mama Mkwe wa Kitenge cha Kijani

Nisicheke peke yangu, chekeni nanyi. Mimi nyuso hazinikai kichwani. Watu nawatambua kwa sauti, mwendo au nguo. Mtu akibadilisha shati tu, kwangu ni mgeni. Mchumba wangu Zawadi nilimficha jambo hili, kwa aibu.

Jumamosi iliyopita akanituma stendi ya Ifakara nikampokee mama yake kutoka Mchombe. Nilishamwona mara moja, siku ya posa. "Amevaa kitenge cha kijani," Zawadi aliniambia.

Basi lilipofika, akashuka mama wa kitenge cha kijani. Nikainama.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu! Jamani, umekua!"

Kukua, tangu mwezi uliopita? Nikabeba kiroba chake cha mchele, nikampeleka nyumbani. Nilikuwa nimechinja jogoo. Akala kwa raha, huku akiniuliza habari.

"Na mguu wa mama yako umepona?"

Mama yangu hajawahi kuumwa mguu. "Umepona kabisa," nikajibu, maana mkwe habishiwi.

Simu ikaita. Alikuwa Zawadi, na hakunisalimia.

"Mama bado yuko stendi. Alisikia baridi kwenye basi akajitanda khanga. Anasema ulimwamkia vizuri, halafu ukamwomba asogee pembeni umbebee mzigo mama mkwe wako."

Nikageuka kumtazama mgeni wangu. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Baba," akaniuliza taratibu, "kwani wewe si Hamisi wa dada yangu?"