Maziwa ya Zuhura

Mpaka leo nikisikia harufu ya maziwa yanayopata moto ndani ya chupa, hasira hunipanda. Ilikuwa mtaani kwetu Bwiza, wakati wa vita, masika. Shangazi alikuwa amekimbilia kwetu na mtoto wake mchanga, Zuhura, na maziwa ya kifuani yalikuwa yamemkauka kwa hofu. Asubuhi, njia ikiwa wazi, tulipata maziwa ya ng'ombe kutoka Ruziba, nje ya mji. Yakiharibika mchana, Zuhura alilala njaa, maana jioni hakuna aliyethubutu kutoka.

Kwa hiyo kila asubuhi Mama aliyapika kwa mvuke. Alitandika vijiti ndani ya sufuria kubwa, akatia maji kidogo chini yake, akasimamisha chupa tatu juu ya vijiti na kufunika sufuria. Hakuzijaza mpaka shingoni, na vifuniko vyake alivilegeza ili mvuke upate pa kutokea. Alivikaza baada ya kuziepua. Siku moja aliingia ndani kuswali adhuhuri, na shangazi, akiogopa nzi, akavikaza vyote. Chupa moja ikapasuka kwa kishindo. Ua mzima tukalala kifudifudi, tukingoja cha pili. Mama akatoka mbio, akazivuta kuni.

Haukupita muda, askari akaingia na bunduki mbele.

“Grenadi iko wapi?”

Mama alimwonyesha vipande vya chupa, akamweleza yaliyotokea. Chupa mbili zilikuwa bado nzima. Alingoja zipoe kidogo, akalegeza kifuniko cha moja na kumnyooshea.

“Iko maziwa ya mutoto. Onja, utaona.”

Hakuonja. Aliimwaga chini, nami nikadhani ni woga, na woga sote tulikuwa nao. Maziwa yalitiririka kwenye udongo, harufu yake ikajaa ua. Kisha akachukua ya pili, akamtazama Mama usoni, akaimwaga polepole. Zuhura alilia mpaka sauti ikamkauka. Tulimpa maji ya mchele.

Leo jikoni kwangu kuna sufuria ya mvuke ya umeme, inajizima yenyewe. Zuhura huja kupikia humo maziwa ya mwanawe, na vifuniko huvilegeza kama Mama alivyomfundisha. Yeye hana kinyongo, hakumbuki kitu. Watu nao wanasema vita vimekwisha, tusameheane, na mengi nimeyasamehe. Chupa ya kwanza aliyoimwaga askari nimeisamehe. Ya pili aliimwaga akijua ni maziwa.